Takrima si tusi

Ndugu Mhariri,

Jumamosi tulikuwa Kiboriloni kwenye kikao cha mwisho cha harusi. Mwenyekiti anasoma bajeti, akafika palipoandikwa "takrima kwa wazee wa upande wa bibi harusi, kreti mbili za soda". Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti, "TAKUKURU hao!", yaani wale wa kupambana na rushwa wanakuja. Mzee wa watu akalikata neno kwa kalamu, juu yake akaandika "vinywaji".

Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na kukatwa kwa neno lile kumeniuma. Takrima imezaliwa tumbo moja na ukarimu. Asili yake ni Kiarabu, mzizi k-r-m, na huko karim si mtoaji tu, ni muungwana, mtu wa heshima zake. Humo ndimo tulimopata karamu, karama na kukirimu. Karimu tukaivika u- yetu ya Kibantu, ikawa ukarimu. Kwa hiyo kumpa mtu takrima ni kumheshimu, hata kitu chenyewe kikiwa kidogo. Bibi yangu hakuwa na soda. Alikuwa na ndizi mbivu, na alizipekua mbele ya mgeni, taratibu, mpaka aipate iliyo nono, ili mgeni aone anavyochaguliwa.

Doa lilitoka kwenye siasa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, wagombea wakaruhusiwa kutoa takrima kwa hoja kwamba ni ukarimu wa jadi. (Pilau lile kila aliyelila alijua linadai nini.) Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikabatilishwa kwa kuwa vilimbeba mgombea mwenye fedha. Hukumu ya haki kabisa. Vifungu vikafa, neno likaachwa na uchafu wao.

Lakini hebu tazama: anayekirimu ni mwenyeji, anayekirimiwa ni mgeni. Mgombea anashuka kwenye gari kijijini kwa watu, halafu yeye mgeni ndiye anawakirimu wenyeji! Kwa Kiswahili nilichofundisha, hiyo haikuwa takrima hata siku moja.

Waandishi wako wakikuta bahasha, Mhariri, waandike rushwa. Zile kreti mbili nimeshazirudishia jina lake kwenye muhtasari wa kikao. Katibu ni mimi.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi