Furchgott hakuokota ugunduzi wake njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo linalorudiwa mno katika makala za sayansi. Kila inapotajwa nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu, msomaji huambiwa kwamba Robert Furchgott aliigundua kwa bahati kwa sababu fundi wake wa maabara alikosea. Kosa lilikuwapo kweli. Lakini makala ikiishia hapo, kazi yenyewe imefichwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa St. Louis, Marekani, Furchgott alikuwa akikata aota ya sungura, yaani mshipa mkuu utoao damu moyoni, kwa kuizungusha, kama mtu amenyavyo chungwa bila kukatiza ganda. Alipata utepe wa misuli, akautundika kwenye chombo cha maji ya chumvi na kupima nguvu ya mkazo wake. Asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, iliukaza utepe huo, naye akachapisha hivyo mwaka 1953. Hicho kilikuwa kitendawili, maana mnyama mzima akidungwa asetilikolini mishipa yake hutanuka na shinikizo la damu hushuka. Kilikaa miaka 25 bila kuteguliwa.

Mwaka 1978, akiwa Brooklyn na umri wake ukielekea miaka 62, alikuwa akitumia pete za aota badala ya utepe. Utaratibu ulikuwa kukaza pete kwa noradrenalini, kemikali inayobana mishipa, kuiosha, kisha kutia kabakoli, dawa ya jamii ya asetilikolini. Fundi akatia kabakoli kabla ya kuosha. Pete ikalegea.

Wengi wangeitupa karatasi ya vipimo vya siku ile. Furchgott aliuliza pete ina nini ambacho utepe hauna. Jibu lilikuwa katika mikono ya mkataji: utepe ulipoandaliwa, uso wake wa ndani ulisuguliwa bila kukusudia, na tabaka moja la seli linaloutandika, endotheli, likabanduka. Utepe uliokatwa bila kusuguliwa ulilegea sawasawa na pete. Pete iliyosuguliwa kwa makusudi iliacha kulegea. Kimeng'enya cha kolajenasi, kilichoondoa seli hizo bila kusugua, kilileta matokeo yaleyale.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni lile la kulaza vipande viwili pamoja. Kipande kisicho na endotheli, kilichokatwa kufuata mzunguko wa mshipa, hakikulegea kikiwa peke yake. Kilipowekwa uso kwa uso na kipande chenye endotheli, kilichokatwa kwa urefu ili misuli yake isiingilie kipimo, kililegea. Vilipotenganishwa, hakikulegea tena. Kwa hiyo endotheli ilikuwa ikitoa kitu kinachosafiri hadi kwenye misuli. Yeye na John Zawadzki walichapisha hayo mwaka 1980. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba kitu hicho ni nitriki oksidi. Ferid Murad alikuwa ameonyesha tangu 1977 kwamba nitroglaiserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyohiyo, ambayo huongeza GMP ya mzunguko, kemikali inayoamuru misuli ilegee, ndani ya misuli laini ya mishipa. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 1998.

Basi kwa walimu wa maabara za vyuo vyetu wanaorudia jaribio hili: kateni pete za milimita 3, ondoeni mafuta ya nje, na waya upite katikati bila kukwaruza ndani. Damu isibaki, kwa kuwa himoglobini huimeza nitriki oksidi mara moja. Maji ya Krebs, yaani maji ya chumvi yanayowekewa pete, yawe nyuzi 37, yakipulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Kalsiamu itiwe mwisho, gesi ikiwa imeshapita. Ikitangulia, maji hugeuka meupe kwa mashapo, na hayo ni ya kumwaga. Vuteni pete ya sungura kwa gramu 2 hivi, muiache itulie dakika 60 hadi 90 mkibadilisha maji kila dakika 15. Asetilikolini haiwezi kulegeza pete ambayo haijakazwa, kwa hiyo tangulizeni noradrenalini na msubiri mkazo ufike kileleni na kutulia.

Pete isipolegea, msiandike haraka kwamba dawa imeharibika. Tieni nitroprusidi ya sodiamu, ambayo hutoa nitriki oksidi yenyewe bila kuhitaji endotheli. Pete ikilegea sasa, misuli ni mizima na aliyekata ndiye aliyeibandua endotheli. Isipolegea hata hapo, kagueni misuli yenyewe, maji na gesi.

Msomaji wa maabara za mishipa,
Dar es Salaam