Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Picha ya MRI haiwezi kuthibitisha ADHD ya mtu mzima

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu watu wazima wenye upungufu wa umakini, hali ambayo wengi wanaijua kwa herufi ADHD. Nawahudumia katika kliniki ya afya ya akili. Mwajiri anataka ushahidi, bima inataka ushahidi, na mgonjwa mwenyewe, aliyechoka kuitwa mvivu, anautaka kuliko wote. Kila mmoja hufikia wazo lile lile: apigwe picha ya ubongo kwa MRI, mashine inayotumia sumaku kupiga picha za ndani ya mwili, ijulikane kama kweli anaumwa. Naomba wizara yako itamke kwa maandishi kwamba picha hiyo haiwezi kutoa jibu hilo.

Sikatai kwamba ubongo unahusika. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake, nchini Marekani, walilinganisha picha za watoto 223 wenye hali hii na wengine 223 wasio nayo. Kwa wasio nayo, nusu ya maeneo yaliyopimwa ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, yalikuwa yamefikia kilele cha unene wakiwa na umri wa miaka 7 na nusu hivi. Kwa wenye nayo, miaka 10 na nusu. Sehemu za mbele, tunazozitumia kupanga mambo na kujizuia, ndizo zilizochelewa zaidi.

Miaka 10 baadaye Martine Hoogman na ENIGMA, kundi la kimataifa la watafiti wa ubongo, wakachapisha vipimo vya watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo, wa umri wa miaka 4 hadi 63. Sehemu tano za ndani ya ubongo zilionekana ndogo kidogo kwa wenye ADHD. Neno "kidogo" ndilo wanaolilia MRI wanaloliruka. Kati ya sehemu hizo tano, iliyotofautiana zaidi ni amigdala, inayoshughulika na hisia. Hata hivyo, ukichukua mtu mmoja kutoka kila upande, ukakisia kwa ukubwa wa amigdala pekee nani mwenye ADHD, utapatia kama mara 55 katika 100. Ukirusha sarafu utapatia 50. Na hesabu hiyo imewachanganya watoto na wakubwa. Watu wazima walipochambuliwa peke yao, hakukuonekana tofauti ya kutegemewa.

Najua hoja itakayofuata, kwa sababu nimeshaisikia: kama ubongo wa mkubwa hauna tofauti, basi amepona, au anaigiza. Hapana. MRI ya kawaida huonyesha umbo na ukubwa. Haionyeshi jinsi maeneo ya ubongo yanavyoshirikiana mtu anapojaribu kumaliza ripoti aliyoianza mara kadhaa. Isitoshe, dalili hizi ziko kama shinikizo la damu: kila mtu ana kiwango chake, na matatizo huanza pale kiwango kinapovuruga maisha. Hakuna mstari kwenye picha unaowatenga wagonjwa na wasio wagonjwa. Hata sura ya dalili hubadilika. Mtoto aliyekuwa hatulii kitini anaweza kuwa mtu mzima aliyekaa kimya kabisa kikaoni huku akili ikikimbia, madeni yakipitiliza tarehe ingawa pesa anazo.

Madhara ya kudai picha nimeyaona. Majibu yakirudi kuwa ubongo uko sawa, kama yanavyorudi kwa wengi wao, karatasi hiyo inageuka ushahidi dhidi ya mgonjwa. Mwajiri anaishika, familia inaishika. Matibabu ambayo pengine yangemsaidia yanasitishwa kwa sababu ya kipimo ambacho tangu mwanzo hakikuwa na uwezo wa kujibu swali lililoulizwa. (Na mashine ni ile ile inayosubiriwa na mtu aliyepata kiharusi.)

Utambuzi unafanywa kwa mazungumzo, tena marefu. DSM-5, mwongozo wa mwaka 2013 wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unataka kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea angalau dalili 5 za kukosa umakini, au 5 za pupa na utukutu. Baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na ziwepo mahali pawili au zaidi, si kazini tu. Mtaalamu humuuliza mzazi au mwenza, husoma ripoti za shule zikipatikana. Huchunguza pia usingizi, tezi ya shingo, sonona na pombe, maana vyote hivyo huweza kuharibu umakini. MRI ibaki kwa mgonjwa ambaye daktari anamshuku uvimbe, kifafa au kiharusi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwongozo wa wizara uzuie mwajiri au bima kudai picha ya ubongo kama sharti la kumtambua mtu mzima mwenye ADHD. Na fedha ambazo zingelipia picha hizo zifundishe wauguzi na maofisa tabibu kufanya mahojiano haya, kwa sababu kwa sasa wanaoyaweza ni wachache na foleni yao ni ndefu.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ya akili