Jumatatu Utasimama Ubaoni

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Uliposema unaanza BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, nilifurahi, lakini uliposema maandalio yote ya somo umeandikiwa na ChatGPT, usingizi ulinipaa.

Sikukatazi kuitumia. Uliponiwekea kwenye simu yangu wakati wa Pasaka, nilikesha nayo. Niliiuliza kwa nini "He has come yesterday" ni kosa, na sisi tunasema "amekuja jana" bila shida. Ikanieleza kwa Kiswahili safi: -me- yetu inakubali kukaa na jana, ila "has come" haikai na wakati uliokwisha kupita ukatajwa. Ukitaja jana, sema "came". Mwanangu, sentensi ile yenye kosa niliiandika ubaoni nikifundisha darasa la sita miaka mingi. Watoto wale sasa wana watoto wao.

Kisha nikaijaribu. Nikaiambia imekosea, "has come" ndiyo sahihi. Ikaniomba radhi, ikakubaliana nami! Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wewe ukiambiwa hivyo na mtoto, utasimamia lipi?

Ubaoni simu itakuwa kwenye mkoba. Mtoto wa kidato cha pili atanyoosha mkono aulize kwa nini. Usimjibu "ndivyo ilivyo, kaa chini." Jibu hilo nalijua mno, na wewe uliwahi kulisikia jikoni ukatumwa maji.

Kiingereza chako kinanipita, na hilo nawaambia hata majirani. Ila uvivu wa kufungua kitabu unao. Tunga kwanza sentensi zako tano, ukosee mwenyewe, ndipo uiulize. Halafu ulinganishe na kile kitabu cha sarufi kilichochanika jalada, nimekiweka chini ya mashuka. Usiulize kabla hujajaribu. Nasema tena, usiulize kabla hujajaribu.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua imeangusha migomba miwili upande wa mfereji, na baba yako goti limeanza tena lakini hataki kwenda hospitali. Mpigie wewe, mimi hanisikii.

Jumatano saa mbili usiku nitapiga unieleze tofauti ya "since" na "for". Unieleze kwa mdomo wako.

Kesho jioni kondakta wa Coaster atakuletea mkungu wa ndizi mshare. Uwahi stendi, mkungu usije ukalala huko ukaiva.

Mama yako