Sinagogi la Madam, nasi tulichangie

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, ni ndefu najua ila nimeshaipunguza mara tatu. Mie ni mama wa hapa Mafinga, mhazini wa kamati ya ujenzi ya mtaa wetu wa Kilutheri, yaani tawi la usharika, kwa miaka mingi, na barua hii naiandika kwa wote niliosoma nao sekondari huku Mufindi mwishoni mwa miaka ya 90, mliotawanyika Makambako, Mbeya, Tunduma, Songea mpaka Dar, wale mliofundishwa hisabati na Madam. Jina lake silitaji gazetini, mkisoma mtamjua wenyewe.

Madam alikuwa mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani na alikuwa Myahudi, sidhani kama kuna mwingine wilaya nzima. Mnakumbuka zile Ijumaa jioni alivyokuwa anawasha mishumaa miwili dirishani, sisi tukadhani umeme umekatika kwake tu, tukampelekea chemli? Akatukaribisha, akatueleza kuwa Sabato yao inaingia jua likizama Ijumaa na kutoka Jumamosi usiku nyota zikionekana, na humo katikati hapiki, haandiki, hashiki hela. Mkate wao wa kusuka hakuupata huku basi akawa anasokota maandazi matatu matatu kama nywele, tunakula naye.

Alafu ikaja ule msiba. Baba yake alifariki kule kwao, taarifa ilimfikia ameshazikwa, kwao maiti hailazwi siku nyingi. Kwa desturi yao mfiwa anakaa siku saba nyumbani, anakaa chini au kwenye kigoda, majirani ndo wanaleta chakula, yaani kama matanga yetu kabisa. Kuna sala inaitwa Kadishi ya kumsalia marehemu, ila ukiisikiliza haitaji kifo hata mara moja, ni kumtukuza Mungu tu mwanzo mpaka mwisho, na sala hiyo haisomwi peke yako, lazima wawepo Wayahudi kumi watu wazima. Huku alikuwa mmoja. Tukaenda wasichana wa kidato cha tatu kumi na wawili tukatandika mkeka sebuleni kwake, mama wa jirani akaleta makande yasiyo na nyama maana tulijua hali kila nyama, tukakaa. Alijua hatuhesabiki kwenye wale kumi na alituambia hivyo, lakini akasimama akaisema ile sala kwa sauti mbele yetu huku analia na sisi tukaitikia amina kila aliponyamaza. Mpaka leo nikisikia habari ya watu kumi naona ule mkeka.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka huu Madam ametuma ujumbe kwa mmoja wetu, ni salamu tu na picha, hakuomba chochote. Amestaafu, anaishi mji mdogo kaskazini mwa Marekani kwenye baridi hata Makete inasingiziwa, na kule yupo kwenye kausharika kadogo ka Kiyahudi kama familia arobaini hivi. Tangu waanze hawajawahi kuwa na nyumba yao. Wanapanga ukumbi wa kanisa moja, kila Ijumaa mchana wanakuja kupanga viti, wanaliingiza sanduku takatifu, yaani kabati la kuwekea Torati, ambalo wamelifungia magurudumu, wanaligeuza lielekee Yerusalemu, na Jumamosi usiku wanakunja kila kitu wanaondoka. Torati yenyewe inalala nyumbani kwa mwanachama, kwenye kabati la chumbani. Na Torati ya sinagogi sio kitabu cha dukani jamani, ni ngozi zilizoshonwa pamoja, imeandikwa kwa mkono kwa wino na kalamu ya unyoya, herufi 304,805, mwandishi anaweza kutumia kama mwaka mzima kuimaliza na hata herufi moja ikifutika haisomwi mpaka irekebishwe. Kitu kama hicho kinapandishwa na kushushwa kwenye gari kila wiki theluji inaanguka.

Wamepata jengo lililokuwa duka la fenicha. Wameweka kianzio, wanachanga zilizobaki pamoja na za paa na za njia ya kupandishia viti vya magurudumu vya wazee maana wengi wao umri umeenda. Ndo itakuwa nyumba yao ya kwanza ya kudumu.

Nilivyosoma nilikaa chini. Maana nyie mnajua mtaa wetu ulianzia darasa la shule ya msingi, Jumapili alfajiri tunatoa madawati tunaweka benchi, saa sita tunarudisha, mitihani ikiwepo tunasali chini ya mti, mvua ya Mufindi nani asiyeijua. Kengele tulikuwa tunaibeba begani. Tulijenga miaka kumi na moja. Fundi wa kwanza alituacha kwenye lenta akaondoka na saruji, waumini wakakata tamaa, mchango ukafa kabisa, na kilichoufufua ni kitu kimoja, tulianza kubandika mlangoni kila mwezi hela iliyoingia na iliyotoka mpaka shilingi ya mwisho, risiti ya kila mfuko na kila bati. Minada ya baada ya ibada ikarudi, jogoo mmoja akauzwa mara nne. Na Mwislamu mmoja mzee muuza mbao hapa mjini alitupa mbao za paina za kenchi nzima, tukamuuliza tuandike jina gani akasema andikeni jirani.

Kwa hiyo watu wanaponiambia Wakristo tunawachangiaje Wayahudi nawakumbusha zile kenchi, ziko juu ya vichwa vyao kila Jumapili. Wengine wanasema Wazungu wana hela, na Wayahudi ndo zaidi. Haya maneno ya kwamba kila Myahudi ana hela yameshawaponza watu wengi sana duniani, naomba tusiyarudie. Familia zenyewe Madam kanieleza nilipomwandikia kumjibu, wauguzi, walimu, dereva wa basi la shule, wastaafu. Na wapo watakaoleta habari za vita ya Mashariki ya Kati, hayo yana mahali pake, mie naongelea familia kama arobaini zinazotafuta pa kuweka Torati yao.

Kuna jambo lingine sikulijua. Kwao sahani ya sadaka haipiti Sabato kwa sababu hela haishikwi siku hiyo, kwa hiyo ile nguvu tunayoipata sisi ya watu kusimama kwa nyimbo wanakwenda mbele na noti wao hawana, wanategemea ada ya mwaka na ahadi za watu. Usharika mdogo wenye ada ndogo ukinunua jengo ni mzigo kwelikweli. Ingawa mchango wenyewe ni mambo yao ya asili kuliko yetu, someni Kutoka 36, watu walileta vitu vya hema jangwani vikazidi mpaka Musa akatangaza kambini basi inatosha, msilete tena. Kama mhazini nimeota siku hiyo maisha yangu yote.

Na wala sio mbali na sisi kama mnavyodhani. Uganda karibu na Mbale kuna Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya, alianzisha Semei Kakungulu mwaka 1919, wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku wakawa wanasali kwa kujificha, wengi wakaacha, na leo wana sinagogi kubwa la matofali lililofunguliwa 2016, michango mingi ilitoka kwa watu wa mbali wasiowahi kuonana nao. Hela imekuwa ikivuka bahari kuja huku siku zote. Hata bati za bweni letu la wasichana ni Madam aliandika barua kwao zikapatikana, mmesahau? Mbona hatujawahi kufikiria inaweza kwenda na kule?

Ninachopendekeza ni kidogo. Wayahudi wana desturi ya kutoa kwa 18 kwa sababu herufi za neno lao la uhai ukizihesabu kama namba zinaleta 18, mara nyingi utakuta mtu katoa dola 18 au 36. Basi kila mmoja wetu atoe shilingi 18,000. Tukipatikana watu 36 ni 648,000. Najua kwa bei ya jengo la Marekani hiyo haijengi hata ukuta wa choo, lakini inaweza kununua taa, maana mbele ya lile sanduku takatifu kila sinagogi huwa na taa isiyozimwa usiku na mchana, na kule ukumbini hawajawahi kuwa nayo kwa sababu hakuna pa kuitundika. Nilimuuliza Madam kama tunaweza kuchangia taa hiyo, akachukua siku mbili kujibu, akajibu ndiyo.

Naomba msitume kila mtu kivyake, makato ya kutuma nje yataimaliza, tukusanye huku iende mara moja, na orodha yote na risiti ya benki nitaipiga picha muione kila mtu, mnanijua kwenye hesabu. Namba yangu nimeiacha kwa Mhariri, atakayempigia atapewa. Hata asiyefundishwa na Madam akitaka tunampokea.

Sisi watano wa Mafinga tumeshaweka, 90,000 ipo. Wale kumi na wawili wa mkekani nawasubiri kwanza, saba bado sijawasikia.

Mhazini, Mafinga, Iringa