Barua kwa wazazi: kufunga muhula, Desemba 2020

Mufindi, Iringa

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MASOMO YA LIKIZO

Kamwene. Poleni na mvua, na poleni na mwaka wenyewe.

Shule inafunga Ijumaa. Kidato cha Nne wamemaliza, tunasubiri Baraza la Mitihani. Wengine watakuja na ripoti. Zisainiwe zirudi Januari.

Yaliyobaki ni ya corona. Serikali ilipofunga shule Machi 17, walimu wetu walianzisha makundi ya WhatsApp na kutuma maswali. Waliojibu walikuwa wachache, karibu wote wa Mafinga mjini. Vijijini simu ni kitochi, na penye simu janja ni ya baba, naye yuko msituni anachana mbao; akirudi jioni bando limekwisha. Vipindi vya TBC viliwafaa wenye redio, ila redio haimngojei aliyetumwa maji.

Kilichotufikisha ni karatasi. Notsi zilitolewa kopi na kuachwa kwenye maduka ya vijiji, mtoto akichukua mpya anaacha daftari la kusahihishwa. Madaftari yalirudi yakinuka moshi, lakini yamefanyiwa kazi. Shule zilipofunguliwa Juni 29, walimu waliwajua watoto hao kabla ya kuita majina.

Hata hivyo, kwenye karatasi hizohizo kuna jambo lililonisumbua. Madaftari mengi ya wasichana yalikoma Aprili, wakati chai imekolea. Karatasi walikuwa nazo, muda hawakupewa. Sikatazi mtoto kuchuma chai, najua ndiyo inayonunua sare. Ila kaka yake akirudi msituni anakaa, yeye akirudi shambani anaingia jikoni. Hapo hata tungempa kompyuta asingeifungua.

Kwa hiyo likizo hii kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu anaondoka na bunda la notsi na maswali. Naomba saa kumi hadi saa kumi na moja jioni iwe yake, kukiwa bado na mwanga, asitumwe popote. Mwenye binti na mvulana, tafadhali wagawane vyombo.

Vijana wa vyuo waliokuwa nyumbani hadi Juni 1 walitusaidia sana, hasa Hisabati na Fizikia. Wakija Krismasi, waombeni wakae na wadogo zao tena. Anayetaka kufundisha kundi aje shuleni, atapewa chaki na chumba.

Makundi ya WhatsApp yanabaki kwa matangazo. Picha za harusi tunazifurahia, lakini zinameza bando la walimu.

Januari kila mwanafunzi aje na daftari la likizo pamoja na ada ya chakula, kama tulivyokubaliana kikaoni. Mzazi ambaye mwanawe hajarudi tangu Juni aje tuzungumze. Nafasi yake ipo na hatutamuuliza alikuwa wapi.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Shule