Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mifugo: Tuma mtu apime ndege wa mwaloni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako kwa mkono hazijajibiwa.

Jumanne alfajiri, wavuvi wa dagaa waliporudi mwaloni, hapa ufukweni mwa Ziwa Victoria tunaposhushia samaki, walikuta buabua, wale ndege wa majini, wametapakaa mchangani, wengine wamekufa, wengine shingo zimepinda. Nilihesabu 41 kabla watoto hawajaanza kuwaokota. Nikapiga simu saa ile ile. Bwana mifugo alifika Ijumaa mikono mitupu: hana pamba ya kuchukulia sampuli, hana kisanduku cha barafu, hana hata glavu. Mizoga ilikuwa imeshaoza kwa jua. Akaamuru ifukiwe, akaandika "kideri", yaani ugonjwa wa Newcastle, kwenye daftari, akaondoka.

Kideri! Kuku wangu wote niliwadondoshea chanjo ya kideri jichoni, kwa mkono wangu, miezi miwili iliyopita. Sasa vichwa vimevimba, upanga wa kichwani umekuwa zambarau, na ndani ya siku nne wamekufa 212 kati ya 340. Banda lile nililijenga kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na marejesho ni kila Jumamosi, kuku wawepo wasiwepo.

Mimi si daktari. Nadhani ugonjwa umetoka kwa ndege hawa, maana wanashuka kwenye dagaa tulioanika, wananya humo humo, na mabaki yake tunayafagia kuwalisha kuku. Huenda nimekosea. Lakini bwana mifugo naye alikisia, na kisio lake ndilo lililoingia kwenye daftari la serikali.

Ziwa hili limeshaonywa, Mheshimiwa. Januari 2017, buabua kama hawa walikufa kwa wingi Lutembe, karibu na Entebbe. Wenzetu wa Uganda walichukua sampuli, maabara ikawaambia ni mafua ya ndege aina ya H5N8. Kuku na bata wa kufugwa huko Masaka nao walikuwa wameupata. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Hasara ilikuwa kubwa, lakini angalau walijua wanapigana na nini.

Sisi tunajua nini? Buabua huzaliana huko Ulaya mashariki na Asia, kisha huja kwetu kukimbia baridi. Bata wa mwituni anaweza kubeba virusi vya mafua tumboni bila kuugua. Virusi hivyo vina vipande 8 vya vinasaba, na vya aina mbili vikikutana ndani ya ndege mmoja hubadilishana vipande, kikazaliwa kirusi kipya ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Hakionekani kwa macho wala kwa daftari. Kinaonekana maabara tu, sampuli ikifika ingali baridi.

Mwaka jana ulisimama chini ya mwembe wetu ukaahidi kwamba kila msimu wa ndege wageni, kuanzia Oktoba, wataalamu watakuja kupima. Tulikupigia makofi. Oktoba ikapita, hakuja mtu. Wala si lazima kumkamata ndege, kinyesi kibichi kinatosha!

Sidai fidia leo. Naomba vipimo. Ndege wapimwe, kuku wangu waliobaki wapimwe, na sisi tulioshika mizoga kwa mikono tuangaliwe.

Asubuhi hii wamekufa kuku wengine saba. Nimewafunika kwa karai kivulini, watoto wasiwaguse. Mtume mtu mwenye pamba na barafu, Mheshimiwa. Leo, kabla jua halijawa kali.

Mfugaji wa mwaloni