Steroidi zimo kabatini, stripu za sukari ziko wapi?

Kwa Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya umma hapa Pwani. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii, na kabla sijalala naomba nafasi katika ukurasa wako.

Oktoba 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 18 za umma humu humu Kenya. Watu wazima 2,180 waliolazwa kwa nimonia waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini kundi moja liliongezewa steroidi za kiwango cha chini kwa siku 10. Siku 30 zilipotimia, waliokuwa wamefariki katika kundi la matibabu ya kawaida ni asilimia 26.0, na katika kundi la steroidi ni asilimia 22.6.

Kuna watakaosema tofauti hiyo ni ndogo. Mimi naihesabu kwa vitanda. Wodi yangu ina vitanda 30. Wakilala humo wagonjwa wa nimonia watupu, tofauti hiyo ni kitanda kimoja: mtu mmoja anayerudi kwake, badala ya mimi kumfunika shuka alfajiri na kumpigia mkewe simu. Miaka 19 nimepiga simu hizo na sijazizoea.

Tena si dawa ya kungojea meli. Steroidi kama prednisoloni, haidrokotisoni na deksamethasoni tunazo kabatini, wenye pumu tunawapa kila wiki. Haziui vijidudu, hiyo ni kazi ya antibaotiki. Zenyewe hutuliza ule mwako wa mwili unapopambana na vijidudu, mwako ambao ukizidi unayajaza mapafu maji hadi mtu anashindwa kuvuta pumzi. Ubaya wake ni kwamba hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari. Hapo ndipo penye malalamiko yangu.

Miezi kadhaa iliyopita tulimlaza baba mmoja wa makamo, mvuvi, akihema kama aliyetoka kukimbia. Daktari akamwandikia antibaotiki, oksijeni na deksamethasoni. Siku ya tatu homa ikashuka, akaanza kukaa kitako na kula uji. Sote tulifurahi. Siku ya nne usiku nikaona chini ya kitanda chake chupa nne za maji, zote tupu. Nikamuuliza, akaniambia, "Sista, kiu hii siijui. Na chooni nimeenda hadi miguu inauma." Nilikwenda kuchukua mashine ya sukari. Mashine ipo, betri nzima, lakini kikopo cha stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, kitupu. Kwenye daftari nikakuta zamu tatu zilizotangulia zimeandika neno lile lile: zimekwisha. Nilikimbia wodi ya watoto nikaazima mbili. Tone la damu likasoma 27.4, sukari ya juu mno.

Alianzishwa insulini usiku ule ule, na Mungu akamjalia akatoka kwa miguu yake. Lakini kwa siku nne tulimpa dawa bila kumpima, na si kwa uzembe wa mtu yeyote wa zamu. Kilichokosekana ni kijikaratasi kisichofika urefu wa kidole.

Ufaransa nao walijaribu haidrokotisoni kwa wenye nimonia kali, na matokeo yao ya 2023 yalionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 11.9 hadi 6.2. Nilifurahi kuyasikia. Lakini wale wagonjwa walikuwa mahututi walio chini ya uangalizi wa karibu, wakipimwa usiku na mchana. Kwetu usiku tuko wauguzi wawili kwa vitanda vyote 30, na kutambua kwamba mtu ana kiu isiyo ya kawaida kunategemea nani alipita na tochi.

Naomba nisieleweke vibaya na majirani zangu. Sisemi mtu akikohoa akanunue steroidi dukani. Wakati wa korona wengi walifanya hivyo, na utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2020, uliotumia miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku, uliwaona wakifaidika wale waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Na kama kikohozi hicho ni kifua kikuu ambacho hakijapimwa, vidonge hivyo vinaweza kumpa mtu nafuu ya siku mbili tatu huku ugonjwa ukizidi kuchimba. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kupimwa.

Ninachowaomba wanaoagiza dawa za kaunti yetu ni hiki: kila mtakapoidhinisha steroidi kwa wodi za watu wazima, stripu za kupimia sukari ziwe kwenye karatasi ile ile ya oda, kwa hesabu ya angalau vipimo viwili kwa siku kwa kila mgonjwa anayezitumia, na insulini pamoja nazo. Na chati ya dawa iwe na mstari wa kuandikia sukari, ili anayeingia zamu auone mara moja ukiwa mtupu.

Jana usiku nilikuwa na wagonjwa watatu wanaotumia deksamethasoni. Stripu zilizobaki ni tano.

Muuguzi, Pwani
(Jina limehifadhiwa)